Nani Aliyetaja Majina? Tahakiki ya Ramani za Kale za Mwambao wa Nyasa

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuketi na utenzi, na shairi, na riwaya, na mara moja moja na tamthilia. Karatasi za serikali huzipisha ziende kwa wenyewe: sheria kwa mahakimu, hesabu kwa makarani, na ramani kwa wapima ardhi. Mimi si mpima ardhi, wala sikusomea jiografia katika chuo chochote. Kazi yangu ni kutunga na kutafsiri. Hata hivyo ramani ya topografia, yaani ile inayoonyesha vilima na mabonde kwa mistari ya kontua, pamoja na mito, njia na makaazi ya watu, imejaa majina. Jina ni neno, na kila neno lina mtu aliyelitamka kabla ya mwengine kuliandika. Palipo na msemaji na mwandishi, mhakiki naye ana haki ya kuuliza: nani kasema, nani kaandika, na katika kusafiri kwa neno kutoka mdomoni hadi karatasini, nini kimepotea?

Swali hilo nataka kuliuliza juu ya pembe moja ya Tanzania iliyo mbali na visiwa vyetu: nchi ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, kuanzia Ruanda hadi mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, imechorwa mara mbili kwa namna mbili zinazopingana. Ya pili, nayo ndiyo kiini cha makala haya, ni kwamba ramani yake ya kwanza iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa ndimi za watu wa pwani. Sisi tunaosoma Kiswahili tumo ndani yake tangu mwanzo, kwa heri na kwa shari, na kwa hiyo hatuwezi kuisoma kama watazamaji.

Kwanza msomaji apajue mahali penyewe. Ruanda hii si nchi ya wafalme wa Maziwa Makuu, wala si ile Ruanda ya jijini Mbeya. Ni kata ya Wilaya ya Mbinga, iliyo kwenye njia inayoachana na barabara ya Songea na Mbinga pale Kitai, ikaelekea kaskazini magharibi hadi Lituhi penye ziwa. Kusini yake imeinuka milima ya Umatengo, ambayo vilele vyake vinakaribia mita 2,000. Kaskazini nchi inashuka katika bonde la mto Ruhuhu. Magharibi liko ziwa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Katika mwendo wa kilomita zisizotimia mia, mtu huteremka kutoka baridi ya mashamba ya kahawa hadi joto la ufukweni, penye mitumbwi na nyavu. Zamani ufukwe huo nao ulikuwa sehemu ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay.

Matini yetu ya kwanza ni Ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000. Richard Kiepert alianza kuitoa Berlin katika miaka ya 1890, na baadaye ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel katika nyumba ya uchapaji ya Dietrich Reimer. Ni kazi ya karatasi zaidi ya ishirini, na sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi. Nakala zake zimehifadhiwa katika maktaba za Ulaya, na nyengine zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, hata mtu aliyeko Unguja au Pemba anaweza kuzifungua na kuzikodolea macho apendavyo.

Namna ilivyotungwa ndiyo inayomhusu mhakiki. Maofisa, wamisionari na wataalamu wa miamba walitembea na misafara, dira mkononi na saa mfukoni. Kila walipokwenda waliandika katika madaftari: tumekwenda dakika kadha wa kadha kuelekea upande fulani, tumevuka mto, jina lake hili, tumefika penye nyumba, mkubwa wake jina lake hili. Madaftari yakapelekwa Berlin, na huko yakaunganishwa, njia juu ya njia, mpaka nchi ikapata umbo. Ramani ya namna hiyo ina msimulizi, na msimulizi wake anakwenda kwa miguu. Kandokando ya njia maneno yamesongamana. Hatua chache nje ya njia pana weupe. Weupe ule haumaanishi kwamba hapakuwa na watu. Maana yake ni kwamba msafara haukupita.

Sasa, ofisa yule hakujua Kimatengo, wala Kingoni, wala Kimanda, wala Kinyasa. Lugha aliyoitumia katika safari ni Kiswahili. Aliuliza kwa Kiswahili, na mkalimani, au askari, au mpagazi aliyekuwa na ndimi mbili, akauliza tena kwa lugha ya mwenyeji. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Ushahidi uko juu ya karatasi yenyewe. Nchi zimeandikwa Ungoni, Upangwa, Uhehe, Usangu. Lugha za watu hao ni mbalimbali, na kila wenyewe wana namna yao ya kuitaja nchi yao, lakini ramani imewavika wote kiambishi kimoja, na kiambishi hicho ni chetu, ndicho tusemacho katika Ulaya na Uarabuni. Mchoraji wa Berlin aliamini kwamba anaandika majina ya bara. Kwa hakika alikuwa akiandika tafsiri ya Kiswahili ya majina ya bara, na mfasiri hakutajwa popote pambizoni.

Wapenzi wa tungo za kale wanaijua hali hii. Hati zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilitumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja: ba ikawa b na p na mb, fa ikawa f na v. Msomaji asiyeijua lugha hukwama, na msomaji anayeijua hulisoma neno kwa kulisikia. Hakuna mhariri wa maana aliyeitupa hati kwa sababu ya upungufu huo. Alichofanya ni kumtafuta mtu aliyehifadhi utenzi kwa moyo, ili sauti isahihishe maandishi. Ramani ya kale inataka adabu hiyo hiyo. Mto mmoja huandikwa Rovuma na Wajerumani na Wareno, na sisi tukauandika Ruvuma. Ruanda na Ruhuhu zimepewa r, na jirani zao Lituhi, Liuli, Litembo na Lundu zimepewa l, ilhali lugha nyingi za kusini hazitenganishi sauti hizi mbili kama zinavyotenganishwa katika Kiswahili. Kuchagua herufi ulikuwa uamuzi wa sikio la mgeni.

Na ile Li- inayoanzia majina mengi ya huko ina habari ya kumpa msomaji wa pwani. Ni ndugu wa ji- yetu ya jiwe na jicho. Mlima wa chuma wa Ludewa, kaskazini ya Ruhuhu, unaitwa Liganga, na katika lugha kadhaa za upande huo liganga ni jiwe. Kwa mwenyeji basi jina linasema wazi: Jiwe. Kwa anayesoma ramani peke yake ni mlio tu. Vivyo hivyo ziwa lenyewe. Nyasa, kwa ndimi za pale, ni maji mapana, ni ziwa. David Livingstone alipofika mwaka 1859 aliuliza, akajibiwa, akaandika jibu kana kwamba ni jina la kipekee. Tangu hapo dunia nzima inasema Ziwa Ziwa, na hakuna anayecheka.

Jina linalonishughulisha kuliko yote katika karatasi hizi ni Songea. Wajerumani walijenga boma lao huko mwaka 1897, jirani na makaazi ya nduna Songea Mbano wa Wangoni wa Njelu, na mji ukaitwa kwa jina lake. Ndiyo ilivyokuwa desturi ya msafara: mahali hujulikana kwa mkubwa wake, na mkubwa akihama au akifa, jina lake hubaki likimsubiri mpimaji mwengine. Vita vya Majimaji vilipopiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, viongozi wa Wangoni walikamatwa, na mwezi Februari 1906 wengi wao wakanyongwa pamoja. Songea Mbano naye akanyongwa siku chache baadaye. Waliomnyonga waliendelea kuliandika jina lake juu ya kila karatasi, kwa wino mnene wa makao ya wilaya. Sijui tashtiti kali zaidi ya hiyo katika fasihi yetu ya karne ile, na hakuna aliyeikusudia.

Msomaji akumbuke pia kwamba ramani hiyo iliendelea kuchorwa wakati kusini inateketea. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa kwa vita na njaa. Wanahistoria wa baadaye, miongoni mwao Gilbert Gwassa, walikadiria kuwa ni 250,000 hadi 300,000. Vijiji vilivyochomwa moto havikufutwa kwenye karatasi zilizokwisha chapwa. Ndiyo maana ramani ya kale yaweza kuwa orodha ya waliokuwako. Tunao Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi na kuchapwa na W. H. Whiteley mwaka 1957, nao umehakikiwa na wanazuoni. Shahidi wa pili wa zama zile, yaani ramani, amekaa kimya kwa sababu hakuna aliyemwita barazani.

Palikuwa pia na majina yasiyohitaji mkalimani. Manda iliandikwa Wiedhafen, kwa heshima ya mwana wa mfalme mmoja wa Kijerumani. Liuli iliandikwa Sphinxhafen, kwa sababu jabali lililo mbele ya bandari lilimkumbusha mgeni sanamu ya Misri ambayo mwenyeji hakupata kuiona. Jina hilo lilipata umaarufu wa siku chache: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia pale pale meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini. Utawala wa Kijerumani ulipoondoka, Wiedhafen na Sphinxhafen ziliondoka nao. Jina la Lituhi, lililopita katika masikio ya watu wawili watatu na pengine likaumia njiani, lingali hai. Huu ni ushahidi mzuri wa nadharia ambayo kila mfasiri anaijua kwa mikono yake: tafsiri yenye makosa hudumu kuliko neno lililotungwa bila ya kumsikiliza mtu.

Hapa hatuna budi kulikabili lile la shari. Njia zilizofuatwa na madaftari ya Wajerumani hazikuanzishwa na Wajerumani. Nyingi zilikuwa njia za misafara, na njia kuu ya upande huu ilitoka ziwani ikaishia Kilwa. Ng'ambo ya ziwa, huko Kota Kota, alikuwapo Jumbe, mwenye asili ya pwani, tangu miaka ya 1840. Katika karne ya 19 wengi wa watu waliofikishwa Unguja wakiwa watumwa walipitia Kilwa, na wengi wao walitoka katika nchi zinazolizunguka ziwa hili. Walipofika hapa waliitwa Wanyasa. Tazama jina hilo kwa jicho la mhakiki. Mtu aliyetoka kwenye kilima chenye jina, kando ya kijito chenye jina, kwa mkubwa mwenye jina, alipewa jina la maji yote kwa jumla, kama vile mtu wa Makunduchi na mtu wa Micheweni waitwe wote Wabahari. Kiswahili kilekile kilichokuwa na sikio la kutosha kumwambia Mjerumani jina la kila kijito, kilikuwa kimekwisha kumsahaulisha mateka jina la kwao.

Wahenga wetu wamesema mkataa kwao mtumwa. Methali hii huimbwa harusini na matangani, na sina nia ya kuipinga. Lakini mtumwa wa Nyasa hakukataa kwao. Kwao kulikatwa kutoka kwake, jina moja baada ya jengine, tangu ziwani hadi sokoni. Soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 baina ya Sayyid Barghash na Waingereza, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la misheni ya UMCA. Kutoka misheni hiyo hiyo alitokea William Percival Johnson, aliyefika Unguja mwaka 1876, akaenda ziwani, akafasiri maandiko kwa lugha ya watu wa huko, na akafa Liuli mwaka 1928. Njia ya Kilwa ilileta watu pwani bila ya majina. Miongo michache baadaye baadhi ya watu wa misheni walirudi kutafuta maneno. Kwa visiwa hivi, basi, karatasi ya Nyasa inaonyesha kwao kwa baadhi ya waliotujengea mji.

Kuna karatasi nyengine inayotuunganisha na ufukwe ule, nayo haina kontua. Ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani. Ibara ya 1 ya mkataba huo inasema kwamba mpaka wa eneo la Kijerumani utafuata kingo za mashariki, kaskazini na magharibi za Ziwa Nyasa hadi mdomo wa mto Songwe. Ibara za mbele za mkataba huo huo ziliiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, na kuipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland. Siku moja, kalamu moja, na watu wa Unguja na wa Liuli wakagawiwa bila ya kuulizwa. Neno "ukingo" bado linazozaniwa na Tanzania na Malawi. Mwalimu Nyerere alieleza msimamo wa Tanzania mwaka 1967 kwamba mpaka upite katikati ya maji, na mzozo ukaamka tena mwaka 2012 kwa habari za utafutaji wa mafuta. Ramani za Waingereza zenyewe hazikukubaliana: zipo za miaka ya baina ya vita viwili vya dunia zilizochora mstari katikati ya ziwa, na zipo zilizouchora ufukweni. Kwa tafsiri ya ufukweni, mwanamke anayeteka maji Liuli amevuka mpaka kabla ya ndoo kujaa. Anayedhani kwamba ramani ni kioo cha nchi na ajibu hapo: kioo kipi?

Matini ya pili ni ramani za 1:50,000, mfululizo uitwao Y742, zilizoanza kutolewa na idara ya Waingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa mwaka 1946, na kuendelezwa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Dar es Salaam baada ya uhuru. Sentimita moja hapa ni nusu kilomita tu. Kila karatasi inafunika kiasi cha kilomita 27 kwa 27. Msingi wake ni picha za anga: ndege hupita juu, picha hupigwa zikipandana, na mchoraji huzitazama mbili mbili mpaka milima ikainuka machoni pake.

Kwa ufasaha wa ardhi, kazi hii haina mshindani. Mistari ya kontua ya Umatengo imekazana kama nyuzi za mkeka, kisha inaachana kadiri nchi inavyoteremka kuelekea Ruhuhu, na mtu aliyezoea kuisoma huusikia mteremko magotini. Weupe wa Kiepert umejaa. Lakini ndege haiulizi. Msimulizi wa kwanza alisikia sana akaona kidogo. Wa pili aliona kila kitu, na majina ilibidi yaokotwe baadaye na watu waliotumwa chini. Ndiyo maana kwenye karatasi hizi utakuta vijito vingi visivyo na jina, ilhali hakuna kijito kisicho na jina kwa mtu anayelima kando yake.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa sarufi. Ramani inajua nukta: hapa pana kijiji, na jina lake hili. Wamatengo hawakuipanga nchi yao kwa nukta. Kipande chao cha msingi kinaitwa ntambo, nacho ni mgongo wa kilima ulio baina ya vijito viwili, wenye nyumba, mashamba na msitu, unaokaliwa na ukoo mmoja. Ntambo haina kitovu wala alama katika ufunguo wa ramani. Jina lake likibahatika kuandikwa, hutua penye skuli au kanisa, kana kwamba jina ni la jengo. Ni sawa na kuuandika ubeti kwa kutaja neno lake la katikati tu.

Kisha tazama ngolo. Wangoni walipoitikisa nchi hiyo katika karne ya 19, Wamatengo walikusanyika milimani, na kwenye miteremko ile mikali wakalima kwa mashimo: nyasi hukatwa na kulazwa kwa safu zinazopishana kama miraba, udongo huchimbwa katikati na kufunikizwa juu ya nyasi, na maharage na mahindi hupandwa kwenye matuta yanayozunguka shimo. Shimo huzuia maji yasichukue udongo, na nyasi zinazooza huwa mbolea. Milima mizima imechongwa hivyo kwa majembe, kizazi baada ya kizazi. Upana wa shimo ni kiasi cha mita moja hadi mbili. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Humo huingia mashimo zaidi ya ishirini. Kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na mikono ya watu katika nchi ile haionekani katika ramani bora kuliko zote ya nchi ile.

Na wakati nao una hila zake. Msomaji wa karatasi hizi asitazame mwaka wa chapa peke yake; atafute pambizoni mwaka wa picha. Mwezi Novemba 1973 iliamriwa kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini Tanzania Bara wawe wamehamia katika vijiji, na kufikia 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 waliokuwa wakiishi humo. Katika milima ya Umatengo, ambako watu walikuwa wamesongamana na ngolo haibebeki, vijiji vingi viliandikishwa pale pale watu walipokuwa. Kwenye nchi tambarare mambo yalikuwa mengine: nyumba zilizotawanyika zilivunjwa zikapangwa kando ya barabara. Karatasi iliyochorwa kwa picha za kabla ya hapo inaonyesha vinukta vyeusi vilivyotapakaa porini, kila kimoja ni paa la mtu. Karatasi ya baada ya hapo inaonyesha msitu. Vikiwekwa bega kwa bega, vinukta vile ndivyo ushahidi uliobaki wa mahali yalipo mahame, na katika mahame ndimo mlimo makaburi.

Jambo hili lina uzito wa leo pale Ruanda. Chini ya nchi hiyo pana makaa ya mawe. Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi aliyelizunguka koloni baina ya 1895 na 1897, alichapisha jiolojia yake mwaka 1900, G. M. Stockley akayaeleza makaa ya bonde la Ruhuhu mwaka 1932. Mwaka 2011 uchimbaji ulianza Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, chini ya kampuni ya Tancoal, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa lilikuwa na hisa ndani yake. Malori yakaanza kupita Kitai. Ngaka ulikuwa mto. Sasa jina hilo likitajwa Dar es Salaam watu hufahamu makaa. Sisemi kwamba makaa yasichimbwe. Nasema kwamba tabaka la makaa limepimwa kwa mita na nusu mita, na majina ya juu yake yameachwa yajitunze yenyewe, na shimo la mgodi si kama shimo la ngolo: likisha kuchimbwa, hakuna wa kumwuliza kijito kiliitwaje.

Hukumu yangu juu ya matini hizi mbili ni hii. Ramani ya Kijerumani ni kazi ya utawala uliokuja kutwaa, na bado ndiyo shahidi bora wa watu, kwa kuwa ilibidi imwulize mtu kila hatua. Ramani ya picha za anga ni shahidi bora wa ardhi na wa mapaa yaliyovunjwa, lakini masikio yake ni mazito. Hakuna mojawapo inayojitosheleza, na kuziweka pamoja hakutoshi pia, mpaka apatikane yule aliyekosekana tangu mwanzo, yaani mwenye jina. Wazee wa Ruanda, wa Lituhi na wa Liuli waliohamishwa wakiwa vijana katika miaka ya 1970 sasa wana miaka sabini na zaidi. Ndio wenye utenzi huo kwa moyo.

Kazi inayotakiwa haihitaji ndege wala fedha za wafadhili wakubwa. Inahitaji nakala ya karatasi ya 1:50,000, daftari, kijana anayejua lugha ya pale, na mzee aliye tayari kuketi. Mzee asiulizwe "mahali hapa panaitwaje" kwa Kiswahili, kwani hilo ndilo swali lililotufikisha hapa. Aombwe atembee kwa maneno, kutoka kijito hadi kijito, kwa lugha yake, na kijana aandike kama anavyosikia, na Kiswahili kingoje zamu yake mwisho. Kiswahili kiliyabeba majina haya hadi Berlin, na kiliwabeba watu wake hadi Unguja. Deni lake kwa nchi ile ni kuketi kimya safari hii, kisha kuandika.